Ngano umekatazwa, sinia hukukatazwa

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 27, niko Unguja. Mwaka jana nilirudi kutoka Muscat nilikokuwa nikiishi kwa shangazi. Nikiwa huko niliharisha miezi, damu ikapungua mpaka nikaongezwa. Mwisho nikapimwa damu, nikaingizwa mpira wa kamera tumboni, nikaambiwa nina ugonjwa wa seliaki na nisile ngano maisha yangu yote. Shangazi alikuwa akininunulia mikate ya pakiti isiyo na gluteni. Hapa sina uwezo huo. Nakula ndizi na wali mweupe, na wali wenyewe naula chumbani. Ramadhani inakuja, na baada ya Idi tuna harusi ya mdogo wangu. Mama analia akiniona sigusi kitu. Na pamoja na kujibana kote huku, tumbo bado linanisumbua. Ndiyo nitaishi hivi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, hutaishi hivi. Ila nianze na hizo ndizi, maana zina historia yake.

Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alieleza jinsi alivyokuwa akiwalisha ndizi watoto wenye ugonjwa wako huu. Watoto waliokuwa wamebaki mifupa na tumbo walinenepa, wakacheza. Dunia ikaamini ndizi ni dawa. Kumbe ndizi haikuwa na lolote. Kilichowafaa ni kile ambacho ndizi ilikisukuma nje ya sahani, yaani mkate. Wapo waliodhaniwa wamepona, wakarudishiwa mkate, wakaugua upya.

Ngano ilikuja kushikwa baadaye, Uholanzi, na daktari wa watoto wa The Hague aitwaye Willem Dicke. Alikuwa na shaka nayo tangu kabla ya vita. Ikaja ile baridi ya 1944 kuamkia 1945, chakula kikazuiwa, watu wakafika kula vitunguu vya maua ya tulip. Mkate ukaadimika. Watoto wa seliaki, badala ya kuzidi kudhoofu, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Tasnifu yake aliiandika mwaka 1950. Kwa hiyo wewe na sahani yako ya ndizi mmerudi mwaka 1924, na hakuna haja.

Ukitaka kumwona adui yako kwa macho, mwombe mama akukatie donge dogo la unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Aifanye yeye kazi hiyo, wewe simama pembeni. Alishike chini ya bomba na kulifinyafinya polepole. Maji yatatoka meupe kama tui. Huo ni wanga unaondoka. Baada ya dakika kumi hivi mkononi patabaki kitu cha kijivujivu, kinavutika kama ulimbo, ukikiachia kinarudi. Hiyo ndiyo gluteni. Ndiyo inayoifanya chapati isukumike bila kupasuka na mandazi yaumuke yakashika. Imo kwenye ngano, kwenye shayiri, na kwenye nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Basi. Haimo kwenye mchele, mahindi, mtama, uwele, ulezi, muhogo, wala kwenye jamii yoyote ya kunde.

Kwa mtu wa seliaki, gluteni ikiingia tumboni, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo kama vya zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo vinalala, vinakuwa bapa. Ndiyo maana ulikuwa unakula na bado damu inapungua: madini ya chuma yalikuwa yakipita mlango usiofunguka. Ukiacha gluteni kabisa, zulia huota tena, ingawa kwa mtu mzima huchukua miezi, pengine miaka. Dawa ya kumeza hakuna bado. Atakayekuuzia chupa ya kuimaliza seliaki, mwache na chupa yake.

Sasa hilo la tumbo kukusumbua, na hapa ndipo nataka ukae kitako.

Kipande kimoja cha mkate wa boflo kina gluteni kama gramu 2. Kiasi ambacho wagonjwa wengi wa seliaki huvumilia kwa siku nzima bila utumbo kuharibika ni kama miligramu 10. Piga hesabu: ukikikata kipande kile sehemu mia mbili zilizo sawa, sehemu moja tu ndiyo posho ya siku yako. Hiyo ni chembe ya kupangusa mezani kwa kidole. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya chakula vinasema kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo ndicho kiitwe hakina gluteni. Mikate na chapati umeacha, naamini. Chembe hujaziacha, kwa sababu hakuna aliyekuonyesha zinakokaa.

Nilipata kuwa na mgonjwa mmoja, mama wa makamo, mtu mwaminifu, miezi tisa hali ngano na vipimo vyake vya damu vya seliaki havishuki. Nikamshuku anaiba maandazi, Mungu anisamehe. Siku nikaenda kwake jioni. Sufuria zake safi, mwiko wake peke yake, wali wake wa nazi uko jikoni umeachwa wazi unapoa. Hatua mbili kutoka pale, mjukuu wake anasukuma chapati. Kila donge likishikamana na kibao, binti anachota unga mkavu kwa ncha za vidole na kuurusha, fuu! Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani, nikauona ule unga ukielea kwenye mwanga na kutua taratibu juu ya wali. Sikuwa na neno. Tukafunika sufuria, chapati zikahamia uani, na miezi minne baadaye vipimo vikashuka.

Kwa hiyo jikoni kwenu nakuomba uangalie vitu hivi kabla ya kulaumu tumbo. Mwiko wa mbao na kibao: mbao hunywa unga, uwe na mwiko wako. Chungio la kuchujia tambi ndilo linalochujia mchele wako? Nunua lako, weka alama ya uzi mwekundu. Kaango la chuma la chapati usilitumie hata likioshwa. Sufuria ya kawaida ikisuguliwa kwa sabuni haina tatizo, usiwafanye watu wanunue vyombo vipya. Na mafuta. Mafuta yaliyokaangia sambusa na mandazi yakakaangia muhogo wako, huo muhogo si wako tena. Chipsi za barabarani zinaangukia hapo; muhogo wenyewe hauna kosa, ila karai ni moja na sambusa.

Jingine ni mashine ya kusaga. Unga wa mchele, wa muhogo, wa mtama unaopelekwa kusagwa mtaani huweza kupita kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu mwingine, na ndani ya mashine hubaki vya kutosha kukuumiza. Saga nyumbani kwa blenda, au kinu kirudi kazini. Unga wa lishe wa uji usiuamini kwa jina. Mwingi unatiwa ngano kati ya ulezi na soya. Vile vidonge na unga wa kuongezea ladha ya mchuzi, soma maandishi ya pakiti kila unaponunua, maana kiwanda hubadili mchanganyiko bila kukuarifu. Sosi ya soya nyingi hutengenezwa kwa ngano, nayo siku hizi imeingia kwenye kuku na mishkaki.

Upande wa pili niutaje haraka: gluteni haipiti kwenye ngozi. Hina, piko, sabuni, mafuta ya nywele, tumia. Niliwahi kuulizwa hata kama udi unadhuru. Haudhuru.

Sasa tuje kwenye raha, kwa sababu naona umeishi na orodha ya makatazo tangu Muscat na hakuna aliyekusomea orodha ya vyako. Na mimi nitasema ninavyoamini: mtu wa pwani mwenye seliaki ana bahati kuliko wa Ulaya. Yule asubuhi mkate, mchana tambi, usiku pai, na keki ya kuzaliwa. Akikatazwa ngano amevunjiwa nyumba. Wewe umevunjiwa dirisha moja. Ile mikate ya pakiti ya shangazi, tusemezane ukweli, ilikuwa inavunjika kama makapi na bei yake kama dawa. Usiililie.

Chukua futari. Muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga kwa mafuta masafi, wako. Ndizi mbivu za nazi na iliki, zako. Viazi vitamu, magimbi, mbaazi za nazi, maharage, mchuzi wa papa, pweza wa nazi, kisamvu, vyote vyako tangu enzi za bibi yako. Bajia za kunde zilizolowekwa, zikamenywa na kusagwa, hazina ngano kabisa. Za dengu uliza, wengi huongeza unga wa ngano zishike. Tende na kahawa ya tangawizi hazijawahi kukukosea.

Ambavyo vinaondoka navitaja bila kukuficha: sambusa, katlesi za chenga za mkate, kaimati, visheti, tambi, mkate wa ajemi, na shurba, maana ni ya ngano au shayiri. Urojo wa kununua pia, kwa kuwa ule uzito wake mara nyingi ni unga wa ngano. Nyumbani ukoroge kwa unga wa dengu, embe bichi na ndimu vitafanya kazi ileile. Halwa si ya kukataa wala kukubali kwa macho. Huyu hutumia wanga wa mahindi au muhogo, yule wa ngano. Muulize aliyeipika, si aliyeiweka dukani.

Boko-boko la ngano najua litakuuma kulikosa asubuhi ya Idi. Lakini wewe umekaa Oman, bila shaka umeila arsiya: mchele na kuku au nyama, vikapikwa mpaka vikapondeka na kuwa kitu kimoja, juu samli. Mfundishe mama. Mkono ni uleule wa kusonga boko-boko, nafaka ndiyo imebadilika. Na vya kuwekea wageni, vileja vya unga wa mchele na samli, kashata za njugu, labania. Wageni wenyewe hawatajua kuna mtu kakatazwa kitu.

Mkate nao upo, na si wa kuigiza. Mkate wa kumimina ulikuwa hauna gluteni kabla neno hilo halijafika huku. Loweka mchele vikombe viwili usiku kucha. Asubuhi uoshe, uuchuje, uusage na tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki. Usage mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachoka na kelele za blenda, mkate unatoka na mchanga. Uache uumuke, kisha tia ute wa yai moja na ukoroge kidogo tu. Paka mafuta sufuria, ipate moto kwanza, ndipo umimine. Moto mdogo. Ukiona vitundu vimejaa juu na pembeni pameanza kuachia, palia makaa juu au ingiza oveni mpaka ugeuke rangi. Mchanganyiko huohuo, kwenye chuma cha vitumbua, ni vitumbua. Onyo ni moja: siku hizi wapishi wengi huongeza vijiko viwili vya unga wa ngano “ili ushike”. Kwa hiyo cha kununua usile hata kama jina ni lilelile. Mofa nao ni hivyohivyo. Wa asili ni wa mtama, uwele au mahindi, wa leo mara nyingi umechanganywa.

Chapati je? Sitakudanganya. Chapati ya tabaka tabaka, ile ya kupigwa viganja ikafumuka, ni gluteni yenyewe inafanya kazi, na hakuna unga mwingine utakaokupa hiyo. Unachoweza kupata ni mkate mwembamba wa mchele: chemsha maji yenye chumvi na samli kidogo, mwaga unga wa mchele, songa kama ugali, ukande ungali na moto wake, usukume katikati ya nailoni mbili. Unakunjika, unachovya mchuzi. Ule kama kitu chake. Ukiuita chapati utakuudhi kila siku.

Usibaki kwenye wali mweupe peke yake. Unga wa ngano wa viwandani hapa kwetu huongezwa chuma na foliki asidi, na wewe umeuacha pamoja na vilivyomo. Damu yako inataka kunde, choroko, dagaa, maini, mchicha, uji wa ulezi ulioosha na kusaga mwenyewe. Chai isikutane na chakula, inazuia chuma kufyonzwa. Iache saa moja au mbili. Kama maziwa yanakujaza gesi na kuharisha, yapumzishe kwa sasa. Utumbo uliochubuka mara nyingi hushindwa na sukari ya maziwa, na ukipona huyarudia. Kufunga Ramadhani seliaki yenyewe haikatazi, lakini wewe uliongezwa damu si zamani: pima wingi wa damu kabla ya mwezi kuandama, na daktari wako ndiye aseme.

Harusi sasa. Nimekaa kwenye shughuli nyingi na naijua hofu yako, na siyo ya biriani. Wali wa biriani ni mchele, masala yake ni nyama na mtindi na viungo. Pilau ndiyo kabisa. Mpigie mpishi wa shughuli siku mbili kabla, si siku yenyewe akiwa na masufuria kumi motoni. Muulize mambo matatu tu: anatia viungo vya pakiti au sosi gani, vitunguu vya kukaanga ni vyake au vya dukani, ambavyo huwa vimepakwa unga, na nyama haikaangwi kwenye mafuta ya sambusa? Akikujibu vizuri, mama akupakulie fungu lako kwa upawa safi mwanzo kabisa, kabla sufuria haijaingiliwa na mikono ya watu.

Hofu yenyewe ni sinia. Wanawake watano, mikono mitano, na mikono minne imetoka kukata mkate wa ajemi na kuminya katlesi. Ukikaa ukala nao utaugua. Ukienda kula chumbani utaambiwa una maringo, au utaambiwa una mimba. Fanya hivi: sahani yako, imejaa tayari, iwekwe ndani ya sinia, upande wako. Unakaa jamvini na wenzako, magoti yanagusana, unacheka nao, mkono wako unaingia sinia lilelile na hauvuki ukingo wa sahani. Nimewaambia wengi hili, na aliyewahi kuulizwa ameulizwa mara moja tu.

Na ukiulizwa, usiseme “sili ngano”. Ukisema huli, watakubembeleza. Watakukatia kipande kidogo, “onja tu, kwa ajili yangu”. Sema “nimekatazwa”. Neno hilo kwetu lina heshima yake, kila nyumba ina mtu aliyekatazwa sukari au chumvi. Ongeza “hata chembe, nikila nalazwa”, kisha badilisha mazungumzo, msifu nguo yake.

Mama anayelia mpe kazi. Analia kwa sababu mkono wake wa kulisha umefungwa. Mkabidhi wali wako, mwiko wako, chungio la uzi mwekundu na ufunguo wa jiko. Mwambie chapati zisukumwe uani na yeye ndiye askari. Nina hakika hutamwona akilia tena, utamwona akigombana na watu wazima kuhusu kibao.

Vipimo vya damu vya seliaki virudiwe kila miezi sita hivi mpaka vitulie. Mwombe daktari aangalie pia vitamini D na mifupa, maana huathirika kimyakimya.

Halafu kuna huyo bwana au bibi harusi wetu. Kwa ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wa seliaki, kama mmoja kati ya kumi huwa nao, na wengine hawana hata dalili ya tumbo. Ni uchovu tu na damu kupungua. Mdogo wako akapimwe damu sasa, kabla ya fungate, na akapimwe angali anakula chapati zake. Akiziacha kwanza kwa kukuhurumia, kipimo kitamwambia yuko salama hata kama hayuko.